Wimbo wa kwaya yetu umetazamwa mara milioni 2.3, kwaya haijapata hata mia. Tuanzie wapi?

BesiLaNne (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kwaya ya usharika mmoja huku Kahama. Mwaka 2018 tulichangishana, tukafanya harambee mbili, tukaenda Mwanza kurekodi nyimbo nane na kupiga video. Basi la kukodi, sare za kushona, siku nne tunalala kwenye madarasa ya shule. Kwa ujumla zilitutoka milioni sita na ushee. Tulitoa DVD 500, stika za TRA (mamlaka ya mapato) tukabandika wenyewe moja moja usiku kucha. Zimebaki kama 300 stoo ya kanisa. Panya ndio wanaozijua, maana tulizitoa wakati watu wanaacha kununua deki.

Sasa wimbo mmoja kati ya zile nane umelipuka. Unapigwa kwenye mabasi, misibani, hadi bodaboda wanao. YouTube umetazamwa mara milioni 2.3, lakini uko kwenye chaneli ya mpiga video wetu. Aliupandisha yeye, alisema ni kututangaza. Jina la kwaya lipo, ila mpaka ufungue maelezo ya chini ndiyo ulione.

Vijana wa sauti ya tatu wanataka turipoti chaneli ifungwe. Wazee wanataka polisi. Mchungaji anasema tuombe kwanza. Tuanzie wapi?

kahawa_chungu

Anzeni na mchungaji, hiyo haina gharama. Mimi nimekaa benchi la nyuma nasubiri wajuvi.

MsikilizajiTu

Milioni 2.3! Huyo jamaa kashaezeka nyumba. Hivi akitazama mtu mmoja analipwa shilingi ngapi?

Fundi Mitambo

@MsikilizajiTu hakuna bei ya mtazamaji mmoja, hilo swali ndilo linalogombanisha watu kila siku. Pesa ya YouTube inatoka kwenye matangazo na kwa wanaolipia ili wasione matangazo. Tangazo linalomfikia mtu aliyeko Ujerumani halinunuliwi kwa bei ya linalomfikia mtu wa Shinyanga. Wimbo unaosikilizwa Kahama, Geita na Kigoma unaweza kuwa na namba kubwa na pesa ya sukari tu. Sisemi jamaa hajapata kitu. Nasema kabla hamjaanza kumhesabia mabati, mjue kwamba hiyo milioni 2.3 siyo shilingi.

@BesiLaNne, mimi nilikuwa prodyuza, sasa hivi nasambaza nyimbo za watu kwenye mitandao. Kesi kama yako naipata karibu kila mwezi, na za kwaya ndizo nyingi, kwa sababu kwaya ni watu arobaini na kila mmoja anadhani karatasi iko kwa mwenzake. Nijibu maswali matatu:

Nani alitunga wimbo? Nani alilipa studio? Mlisaini nini na huyo mpiga video?

Wimbo uliorekodiwa una tabaka. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti zilivyopangwa. Kuna ile rekodi yenyewe, ndiyo watu wanaita masta. Halafu kuna picha. Kila tabaka linaweza kuwa na mwenyewe wake. Mkienda kichwa kichwa kudai "wimbo wetu", mtaulizwa tabaka lipi kati ya hayo matatu.

BesiLaNne

Studio tulilipa sisi, risiti ninayo. Hatukusaini chochote na mpiga video, tuliaminiana, ni mtu wa Mungu pia. Wimbo ni wa kwaya.

Dogo wa Igoma

Mtu wa Mungu ndiyo wa kusainishwa wa kwanza.

Mimi naimba bongo fleva, nilinunua biti mtandaoni, dola 30. Nikatoa ngoma, mwezi wa pili nakuta imedaiwa na msanii wa nje nisiyemjua. Kumbe ile biti nilikodi, sikununua, na tumekodishwa watu chungu nzima. Huyo mwenzangu aliwahi kuiandikisha, hivyo mashine ya YouTube ya kutambua sauti inamjua yeye. Ngoma yangu, sauti yangu, matangazo yanamlipa yeye. Nilipigana miezi miwili, nikachoka.

Mzee wa Spika

Vijana mnadhani haya yameanza na intaneti. Bendi za zamani zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa sababu mahali pengine pa kurekodi palikuwa pa kutafuta kwa tochi. Kanda zikabaki redioni. Mwanamuziki alikula kiingilio cha dansi la Jumamosi, basi. Redio ilimpa jina, ukumbi ukampa ugali.

Zikaja kaseti, na wasambazaji wa Kariakoo, wale tuliowaita wadosi. Unakwenda na masta yako mkononi, unapewa fungu moja, unasaini, unatoka. Kaseti ikiuza elfu mbili au laki mbili utajuaje? Unahesabu wewe? Msanii alijua wimbo wake umependwa kwa kusikia unapigwa kwenye daladala aliyopanda kwa nauli ya kukopa.

Nenda mbali zaidi: Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Solomon Linda wa Afrika Kusini alilipwa shilingi kumi kwa wimbo uliokuja kuimbwa dunia nzima. Akafa maskini 1962, familia ikapata suluhu ya madai yake mwaka 2006. Kwa hiyo kwaya yako, kijana, iko kwenye foleni ndefu.

MsikilizajiTu

Mzee ametupiga historia hadi bando likaisha.

Swali langu mimi msikilizaji. Nyimbo nyingi ninazo kwenye memori kadi, nawekewa kibandani, buku nyimbo hamsini. Nyingine nadakia WhatsApp. Nikitaka mwimbaji apate kitu kweli, nifanye nini? Maana hata nikilipia hizo programu za kusikiliza, naambiwa wanapata senti.

Fundi Mitambo

Swali zuri, nitalijibu kwa lugha ya kanisa kwa vile tuko kwenye uzi wa kwaya.

Wewe unatia bahasha yako ukijua inakwenda usharika wako. Kumbe bahasha zote za nchi zinamwagwa kapu moja, wanahesabu Jumapili ile kila usharika ulijaza watu wangapi, kisha wanagawa kwa hesabu hiyo. Hata kama mwezi mzima umesikiliza kwaya ya Kahama peke yake, sehemu kubwa ya pesa yako inakwenda kwa wale wanaosikilizwa na wengi. Ndivyo Spotify na wengi wao wanavyogawa. SoundCloud walianza mwaka 2021 kuwapa baadhi ya wasanii kwa utaratibu mwingine, ambao pesa ya msikilizaji inawafuata anaowasikiliza yeye. Wakubwa hawakufuata njia hiyo.

Na tangu 2024 Spotify wana sheria kwamba wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingii kwenye mgao kabisa. Kusikilizwa kwenyewe kunahesabiwa ukivuka sekunde 30. Ndiyo maana siku hizi nyimbo zinaanza na kiitikio, zile dakika mbili za gitaa la utangulizi alizozoea Mzee wa Spika zimekufa kifo cha hesabu. (Hili linaniuma kuliko pesa yenyewe.)

Kwa hiyo ukitaka mtu fulani apate: msikilize kwenye chaneli yake mwenyewe, weka wimbo wake kama mwito wa simu (ule anaousikia anayekupigia) ukishahakikisha umeandikishwa kwa jina lake, nenda kwenye tamasha lake. Au mtumie pesa kwenye simu. Hii ya mwisho wasanii wanaona haya kuisema.

Uvira hadi Louisville

Salamu wandugu. Mimi ni Mkongomani, niko Louisville, Marekani. Kwaya za Tanzania ndizo tunaimba huku kila Jumapili, na mimi huo wimbo naujua, tumeuimba kwenye harusi ya mdogo wangu!

Kwetu msanii hakungoja mrabaha. Kuna libanga: tajiri analipa, jina lake linaimbwa ndani ya wimbo. Ukisikiliza vizuri wimbo wa Kinshasa utakuta orodha ya watu mingi kuliko kitabu cha Hesabu kwenye Biblia.

Binti Kisauni

Na pwani tuna kutunza. Mimi nimekulia harusini Mombasa. Ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda mpaka kwa muimbaji unamtuza, na ukumbi wote wajua umemtuza kwa ubeti gani na unamsema nani. Hapo hakuna mtu wa katikati, ila mwenye kukusanya noti chini, na huyo mwafahamiana.

Haya ya mitandao nayajua kwa Skiza, huduma ya miito ya simu ya kwetu Kenya. Nilikuwa na kikundi. Tukaambiwa nyimbo zetu zinavuma kama miito ya simu, lakini tulikuwa tumepitia kwa kampuni ya kati, na hiyo kampuni ndiyo iliyolipwa. Tulipodai hesabu tukaoneshwa karatasi ya kurasa thelathini isiyosomeka. Kelele za wanamuziki ndizo zilizofanya sheria irekebishwe mwaka 2022: msanii asipate chini ya asilimia 52 ya mapato ya mwito, iliyobaki ndiyo wagawane kampuni ya simu na mtoa huduma. Sheria ni nzuri. Lakini inamlipa aliyeandikwa. Katibu, mumeangalia huko kwenu nani ameuandikisha huo wimbo kwenye miito ya simu?

BesiLaNne

Dada, sikuwa hata nimefikiria. Nimempigia kijana wetu mmoja anayejua mambo hayo. Amerudi na jibu: wimbo upo kwenye miito, na umeandikishwa kwa jina la mpiga video.

Sasa mimi mwenyewe nimeanza kuhamia upande wa wazee wa polisi.

kahawa_chungu

Benchi la nyuma tumesogea mbele.

Kamera Moja

Kabla hamjamsulubu. Huyo siye mimi, ila kazi yetu ni moja, niko Mwanza pia. Kwaya zinakuja na watu arobaini na tano na bajeti ya watu watano. Wanalipa nusu, iliyobaki "tutamalizia baada ya uzinduzi". Uzinduzi unapita, mgeni rasmi ameahidi milioni moja ametoa laki mbili, simu hazipokelewi. Ninabaki na mafaili kwenye diski na deni la mafuta. Nitafanyaje? Napandisha kwenye chaneli yangu, angalau kazi yangu ionekane nipate kwaya nyingine.

Na chaneli haikui yenyewe. Kupata fungu la matangazo mlango wa kawaida ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Miaka miwili nilipandisha video za watu bila kupata chochote. Ikianza kulipa, ndipo kila mtu anakumbuka kwamba ule wimbo ni wake.

Katibu, swali moja tu: mlimaliza kumlipa?

BesiLaNne

(Nimekaa na hili swali tangu jana.)

Hapana. Tulibakiza laki nane. Aliyekuwa mweka hazina alihamia Tabora, na uongozi mpya ulisema hilo deni haulitambui.

Dogo wa Igoma

Duh.

Fundi Mitambo

Ahsante kwa kusema kweli, wengi hapa wangekimbia uzi. Deni halimpi mtu umiliki wa wimbo, tuelewane. Lakini linampa la kusema mbele ya mtu yeyote atakayewasuluhisha. Lipeni.

Kuhusu kuripoti chaneli. Mwenye haki anaweza kujaza fomu ya YouTube, video ikaondolewa na chaneli ikapata onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa. Vijana wa sauti ya tatu wanapenda hapo. Ila jamaa anaweza kujibu kwamba mmekosea, na akijibu hivyo mna siku 10 za kazi kuonesha kwamba mmefungua kesi mahakamani. Mna hela ya wakili? Usipoonesha, video inarudi. Na hata mkishinda mmefuta nini? Mmefuta milioni 2.3, mmefuta maoni ya watu wa Louisville, na ukurasa ambao kila anayeutafuta wimbo anaangukia. Mtaanza sifuri kwenye chaneli mpya yenye wafuasi arobaini, wote wanakwaya.

Njia niitumiayo mimi: iacheni video ikae. Rekodi muipeleke kwa msambazaji mwenye huduma ya Content ID, iingizwe kama mali ya kwaya. Mashine ikiitambua sauti popote YouTube, kwa huyo jamaa na kwa wengine waliopakua wimbo wakaweka picha za maua, mapato ya matangazo yanaweza kuelekezwa kwenu. Akipinga, mna siku 30 za kujibu. Kwa hiyo ongeeni naye kwanza, mkubaliane fungu lake liandikwe. Angalieni pia kama kinanda kilitumia vipande vya kukodi, yasiwakute ya Dogo wa Igoma.

Mambo madogo yanayouma baadaye: soma masharti ya msambazaji. Wengine unawalipa kila mwaka, ukiacha kulipa nyimbo zinashushwa. Na jazeni fomu ya kodi. Tangu Juni 2021 Google anakata kodi ya Marekani kwenye mapato ya watazamaji walioko Marekani, na kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, ni asilimia 30 ya hayo. Mwenye chaneli asiyejaza kabisa anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yote ya dunia. Kwa hiyo ndugu yangu wa Louisville, ukiutazama wimbo huu na serikali yako inapata chake.

Uvira hadi Louisville

Hata hapa niko mtoa sadaka.

Fundi Mitambo

Katibu, halafu hujanijibu swali la kwanza. "Wimbo ni wa kwaya" siyo jibu. Kwaya haitungi, mtu ndiye anatunga. Nani?

BesiLaNne

Alitunga mwalimu wetu wa kwaya. Alifariki 2021.

Binti Kisauni

Mungu amrehemu. Ameacha mke?

BesiLaNne

Yupo. Bado anaimba nasi, sauti ya kwanza. Anauza dagaa sokoni.

Binti Kisauni

Na anajua kwamba mwadai?

BesiLaNne

Anajua kwamba kwaya inadai. Kwenye kikao alinyoosha mkono akaunga mkono twende polisi.

Fundi Mitambo

Mwalimu mlimlipa nini kwa nyimbo nane?

BesiLaNne

Siku ya uzinduzi tulimpa suti na laki moja kwenye bahasha. Alishukuru sana, alilia.

Hakuna karatasi. Na kwenye DVD, nimekwenda stoo kuangalia sasa hivi na tochi, tumeandika "Watunzi: Kwaya". Jina lake halipo popote.

Mzee wa Spika

Kwa sheria ya Tanzania utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hesabu mwenyewe, hadi 2071. Huyo mama na wanawe wana neno kwenye huo wimbo kabla ya mpiga video na kabla ya wewe, katibu.

MsikilizajiTu

Kwahiyo kwaya imemfanyia mwalimu...

kahawa_chungu

Usimalizie. Amesoma.

BesiLaNne

*(baada ya wiki tano)*

Wakuu, nimerudi, maana kuna walionifuata pembeni kuniuliza.

Polisi hatukwenda. Tulimlipa yule ndugu laki nane yake, tulichangishana tena, na safari hii waliolalamika kuliko wote ni vijana wa sauti ya tatu. Alikuja Kahama mwenyewe. Mwanzo alikuwa mkali. Mchungaji akamwekea mbele risiti ya studio na ile laki nane, kwa pamoja, akanyamaza kama dakika nzima. Alifungua simu akatuonesha mapato ya wimbo tangu upandishwe. Sitaandika hapa, ila Fundi Mitambo ulisema kweli, sio ya kuezekea. Labda choo. Kwenye miito ya simu ndiko kulikuwa na chenye maana, na huko amekubali kubadilisha jina, fomu amesaini mbele ya wazee. Video inabaki kwake, jina la kwaya limepanda juu, na rekodi zote nane ametupa kwenye flashi. Ya zamani hatumdai. Wapo wanakwaya wawili walioacha kuja mazoezini kwa sababu ya uamuzi huo.

Kwa mama tulikwenda watu watatu, jioni, akiwa ametoka sokoni. Nilimsomea karatasi: mtunzi wa nyimbo zote nane ni marehemu mumewe, na katika kila kitakachoingia, fungu la mtunzi ni lake na watoto. Tulikubaliana theluthi. Sijui kama ni haki, Fundi utaniambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ule wa tatu tumeuandikaje jina lake, maana mwalimu aliutunga ukiwa na jina lingine, sisi tukaubadilisha studio. Tumelirudisha.

Sasa kabla hatujapeleka fomu ana swali, na mimi sina jibu: ni lazima afungue akaunti ya benki, au laini ya simu inatosha?

Fundi Mitambo

Laini inatosha, kwaya ikipokea nyie ndio mtamtumia. Ila iwe imesajiliwa kwa NIDA (kitambulisho cha taifa) yake mwenyewe, isiwe ya mtoto wala ya katibu.